Rafu Arobaini za Ghala la Pili

4 Machi

Kwa Katibu wa Kampuni,

Mimi ni mwanahisa namba 2217. Jina langu lote mnalo kwenye daftari lenu. Mtaani naitwa Mama Chuma, kwa sababu huu ni mwaka wa ishirini na tatu natengeneza mageti, milango na madirisha. Sikusomea uhasibu. Nilisomea kukata chuma cha mita sita bila kubakiza kipande, na hiyo nayo ni hesabu.

Miaka miwili iliyopita nilinunua hisa zenu 8,000, kila moja kwa 62. Jumla 496,000. Leo asubuhi dalali wangu amenisomea bei: 19. Nikamwambia arudie. Akarudia, ikawa ni 19 ile ile.

Ripoti yenu ya mwaka nimeisoma kurasa zote 84, pamoja na zile zenye picha za watoto wanakunywa maji. Ukurasa wa 11 unasema mmeuza mita za maji 21,000, kuliko mwaka wowote tangu muanze. Ukurasa wa 52 unasema pesa iliyoingia kutoka kwa wateja imepungua. Ukurasa wa 60 unasema ghalani zimebaki mita 900 tu. Na ukurasa wa 71, kwa herufi za kuchosha macho, unasema posho za wajumbe wa bodi zimepanda kwa asilimia thelathini.

Mimi nikiuza mageti mengi kuliko mwaka jana halafu pesa ikawa ndogo kuliko mwaka jana, mambo ni mawili: ama nimekopesha watu wasiolipa, ama mageti yamerudi. Naomba mniambie kwenu ni lipi. Mita ngapi zimerudi? Nataka namba, sitaki maelezo.

Wenu,
Mama Chuma, mwanahisa 2217

—

15 Machi

Mwanahisa Mpendwa,

Tunakiri kupokea barua yako ya tarehe 4 Machi na tunakushukuru kwa moyo wa kufuatilia maendeleo ya kampuni.

Kampuni ipo katika kipindi cha mpito kuelekea mita za kizazi kipya. Mabadiliko ya bei ya hisa yanatokana na hali ya soko kwa ujumla. Kuhusu idadi uliyoiulizia, masuala ya utendaji wa bidhaa hushughulikiwa na idara husika, na si utaratibu wetu kuyatolea ufafanuzi kwa mwanahisa mmoja mmoja. Mkurugenzi Mkuu atatoa taswira kamili katika mkutano mkuu wa mwaka, tarehe 21 Mei. Maswali yawasilishwe kwa maandishi siku saba kabla.

Picha za watoto ulizozitaja zilipigwa kwa idhini ya wazazi wao.

Katibu wa Kampuni

—

18 Machi

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu uliniambia mwenyewe kwamba simu mlizopewa kazini zina masikio. Soma ukiwa nyumbani, usisome ukiwa ghalani kwako.

Nimemuuliza Katibu wenu swali la neno moja, amenijibu kwa ukurasa mzima na namba haimo. Mtu anayeficha namba huwa anaijua. Kama asingeijua, angesema tu haijui.

Sasa nakuuliza wewe. Mwaka wa sita huu unafanya kazi mle ndani, na hivi karibuni wamekupa cheo, mkuu wa maghala. Hongera, ingawa habari nimezisikia kwa mkeo na si kwako. Nani aliyekuja kwenye karakana yangu na kipeperushi, akakaa juu ya kreti la soda, akaniambia, "Dada, hizi mita zinajisoma zenyewe, kila mji utazitaka"? Nilitoa akiba ya miaka kumi na moja. Sikukulaumu na bado sijaanza.

Lakini Oktoba nilikupigia hisa ikiwa 38. Nilikupigia kwa sababu siku ile mwenye kiwanja ilipo karakana yangu alinijia: anauza, anataka 300,000, ananipa nafasi ya kwanza mpaka tarehe 30 Juni, baada ya hapo anamuuzia tajiri wa vituo vya mafuta. Piga mwenyewe: 8,000 mara 38 ni 304,000. Kiwanja changu kilikuwa mkononi na chenji ya chai. Nikakuuliza, "Niuze?" Ukasema, "Vumilia kidogo, dada."

Leo zina thamani ya 152,000. Nusu ya kiwanja. Nusu ipi, ya mbele yenye geti au ya nyuma yenye choo?

Nijibu jambo moja. Oktoba ulikuwa unajua nini?

Dada yako

—

27 Machi

Dada, shikamoo.

Barua nimeipata. Nimeisoma nyumbani kama ulivyoagiza, mke wangu akaniuliza kama nimefiwa.

Mambo hapa yanakwenda. Mkurugenzi anasema hali itakaa sawa robo ijayo ya mwaka. Robo iliyopita alisema hivyo hivyo, na ile ya kabla yake, ndiyo maana wafanyakazi tumempa jina la Robo Ijayo, ila usilitaje popote. Mimi ni mtu wa maboksi tu, dada. Wanaingiza, naandika, wanatoa, naandika. Bei ya hisa inapangwa na watu wenye viti vya kuzunguka.

Nakuandikia hasa kwa ajili ya kazi. Tumekodi ghala la pili, kule nyuma ya kiwanda cha zamani cha magodoro, na tunahitaji rafu. Nimesema namjua fundi asiyechelewa na asiye na maneno mengi. Vipimo ni hivi: rafu arobaini, kila moja tabaka tano. Kila tabaka urefu sentimita 240, kina 60, na nafasi ya 50 kwenda juu. Kila tabaka libebe kilo 150 bila kupinda. Maboksi yetu unayajua, 30 kwa 20 kwa 15. Ziwe zimefungwa ukutani kabla ya tarehe 18 Aprili.

Nusu ya malipo utapata ukianza, nusu ukimaliza. Fanya bei nzuri.

Watoto wanakusalimu.

Mdogo wako

—

20 Aprili

Mdogo wangu,

Rafu zimekaa. Umeziona mwenyewe ulipokuja na yule kijana wa kampuni mwenye shati la kubana, ukanipa mkono kama mteja na kuniita "fundi". Sawa. Na mimi nilikuita "mkuu". Tumeigiza vizuri, mama yetu angetupigia makofi, ama angetupiga.

Sasa sikiliza. Unajua siwezi kupewa vipimo nikaviacha bila kuvizidisha. Maboksi ya 30 kwenye 240 yanaingia manane. Kwa kina, matatu. Kwenda juu, matatu na pumzi kidogo. Tabaka moja maboksi 72. Rafu moja 360. Rafu arobaini, maboksi 14,400. Nikajisemea, labda wananunua nafasi ya baadaye. Lakini ulitaka kilo 150 kwa kila tabaka, na boksi la mita lina kilo mbili: 72 mara mbili ni 144. Mtu anayepanga ghala tupu hawezi kuujua uzito wa mzigo wake kwa tofauti ya kilo sita tu.

Halafu tulipokuwa tunafunga rafu za mwisho, likaingia lori. Vijana wakashusha. Maboksi yamefungwa kwa utepe wa gundi wa rangi mbili, wa kiwandani na juu yake wa dukani. Moja lilichanika pembeni yangu. Mita ilikuwa na udongo kwenye nyuzi za kufungia bomba, na kioo chake kina ukungu kwa ndani, hata namba moja haionekani. Mita inayojisoma yenyewe, na imevaa miwani yenye mvuke.

Ripoti inasema mmeuza 21,000 na ghalani ziko 900. Mimi nimejenga vitanda vya 14,400 zilizorudi. Katika kila mita tatu mlizouza, mbili zimerudi nyumbani.

Na sasa najiuliza kwa nini kazi hii nimepewa mimi. Mji huu una mafundi wa rafu wangapi? Nimeandika kwa Katibu mwezi Machi kuuliza zilizorudi, na mwezi huo huo natupiwa kazi nono. Kama ni mfupa wa kuninyamazisha, mwambie aliyekutuma kwamba nimeutafuna na bado nina mdomo. Kama hakuna aliyekutuma, niambie wewe, kwa maandishi, na usinitajie watoto.

Dada yako

—

3 Mei

Mdogo wangu,

Wiki mbili hujajibu. Nilimpigia mkeo, akasema umelala. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Bila shaka umesikia. Jumatatu Robo Ijayo wenu alitangaza "makubaliano ya awali na miji minne". Hakutaja miji, hakutaja mita ngapi, lakini hisa imeruka kutoka 19 hadi 41 kwa siku tatu. Dalali wangu, ambaye tangu Januari hajawahi kunipigia mwenyewe, jana alinipigia mara tano. "Mama, huu ndio mlango wako. 328,000. Sema neno tu." Kiwanja, na 28,000 juu yake.

Nilikuwa nimefungua mdomo niseme hilo neno. Kinyozi akagonga mlango.

Unamjua Kinyozi, fundi wangu mkuu, aliyekuwa ananyoa watu kabla hajashika chuma. Alikuja na wenzake wanne nyuma yake, wengine sita wamesimama nje wanajifanya wanafagia. Akaniambia, "Bosi, tumechanga. Tunayo 82,000. Tunataka hisa 2,000 za ile kampuni ya mita."

Nikamuuliza nani kawapa wazo hilo.

"Si wewe, bosi? Tumechomelea rafu arobaini kwa mikono yetu. Kampuni inayokufa hainunui rafu. Na wewe mwenyewe unazo, tunajua, kila asubuhi unamuuliza dalali bei kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa."

Nikasema wasubiri. Akasema bei inapanda. Nikasema wasubiri tu. Akanitazama vile alivyokuwa akiwatazama wateja waliotaka kunyolewa kwa mkopo. "Bosi, chakula kipo mezani, wewe umeshika kijiko, halafu unatuambia bado hakijaiva?" Wakatoka. Tangu jana wakinyamaza najua wananisema, na wakicheka najua pia.

Siwezi kuwaambia ninachokijua bila kukutaja. Na nikinyamaza, keshokutwa watakwenda kwa dalali wenyewe, yule yule dalali, naye atawauzia zile zile ninazotaka kuziuza mimi. Nimeitazama hesabu hii kila upande. Nikiziuza, mnunuzi ninamfahamu kwa sura.

Andika, mdogo wangu. Hata kama ni mistari miwili.

Dada yako

—

7 Mei

Dada, shikamoo.

Uza. Uza leo, usingoje kesho. Hiyo ndiyo mistari yangu miwili. Inayofuata ni ile uliyoniomba tangu Machi.

Oktoba ulipopiga, mita 3,000 zilikuwa zimerudi. Maji yanaingia kwenye kioo, ni kosa la mpira wa kuzuia maji, mpira wa bei ya pipi. Robo Ijayo alituita akasema zitarekebishwa na kurudi sokoni kabla ya mwaka kwisha. Nilimwamini. Au tuseme nilitaka kumwamini, kwa sababu mimi ndiye niliyekalia lile kreti la soda, na kukwambia "uza" ilikuwa ni kusema kwamba nilikuuzia hewa.

Januari wakaniletea fomu ya hesabu ya ghala. Imekwisha jazwa: 900. Nikasema zilizorudi je? Wakasema hizo ziko "kwenye ukarabati", hazihesabiwi, na uamuzi umetoka juu. Nikasaini. Wiki ya pili wakanipa cheo. Ndiyo maana hongera yako iliniuma, na ndiyo maana habari ulizisikia kwa mke wangu.

Kuhusu rafu, hakuna aliyenituma. Maboksi yalikuwa yanaporomoka, wakataka fundi, nikakuchagua wewe. Sikuwa na ubavu wa kukuandikia ile namba. Lakini najua mtu mmoja tu duniani ambaye ukimpa urefu na kina atakuletea jibu. Nilikupa na uzito ili usikosee.

Uza, dada. Ila usiseme popote kwamba nimekwambia. Ukiuza kwa neno langu na ikajulikana, ni kesi yangu na yako. Sema umechoka kungoja. Kila mtu ataamini.

Barua hii ichome.

Mdogo wako

—

10 Mei

Mdogo wangu,

Sikuichoma. Nimeiweka mahali ambapo hata mimi nitapata taabu kuifikia, lakini ipo.

Nitakwambia ukweli, mara ya kwanza nilipoisoma sikuiamini. Ulisema "vumilia" ikashuka, sasa unasema "uza". Nikajiuliza nani amekaa karibu yako unapoandika. Halafu nikafika kwenye ule mpira wa bei ya pipi. Mtu anayedanganya hakumbuki kitu kidogo namna hiyo.

Sitauza. Usiniulize kama nimeokoka. Nilichukua kikokotoo nikakaa nacho: kwangu 328,000, kwao kumi na mmoja 82,000 imekwenda na maji, na kwa wengine nisiowajua 246,000. Nikaona siwezi kuingia karakana iliyonunuliwa kwa pesa ya Kinyozi na kumwambia Kinyozi ashike grenda. Basi. Ni kiwanja tu, ingawa nikikiandika hivyo mkono unakataa. Kinyozi na wenzake nimewaambia tena wasinunue mpaka mkutano upite; wamenuna, lakini pesa yao bado wanayo.

Swali langu la mkutano nimelipeleka leo mwenyewe, wamenisainia kwamba wamelipokea. Ni lile lile la Machi: mita ngapi zimerudi? Sitataja rafu, sitakutaja. Lakini wakisema hakuna, nitaomba wanahisa wote tutembee mpaka nyuma ya kiwanda cha magodoro, si mbali, tukaangalie. Hapo watauliza nani aliyetoa kazi ya rafu, na wewe unajua jibu.

Kwa hiyo una siku. Mkaguzi wa hesabu wa nje, yule aliyesaini ukurasa wa 49, anwani yake ipo chini ya saini. Mwandikie kabla ya mkutano. Mwambie fomu, tarehe, na aliyekuletea. Aliyesema mwenyewe hawamweki benchi moja na aliyekamatwa.

Sikutishi. Kama ningekuwa nakutisha ningekuandikia kwa upole.

Dada yako

—

24 Mei

Mwanahisa Mpendwa,

Kufuatia swali lako katika mkutano mkuu wa tarehe 21 Mei, na kufuatia barua iliyopokelewa na mkaguzi wa hesabu tarehe 19 Mei kutoka kwa mtumishi wa kampuni, Bodi inapenda kukujulisha yafuatayo.

Idadi ya mita zilizorejeshwa na wateja ni 14,112. Taarifa ya fedha ya mwaka imeondolewa kwa marekebisho. Mkurugenzi Mkuu ameomba kupumzika kwa sababu za kifamilia. Uuzaji na ununuzi wa hisa umesimamishwa hadi tarehe 9 Juni.

Aidha, kwa kuwa imebainika kwamba wewe ni ndugu wa aliyekuwa mkuu wa maghala, nusu ya pili ya malipo ya rafu imezuiwa hadi uchunguzi utakapokamilika.

Katibu wa Kampuni

—

11 Juni

Dada, shikamoo.

Walinifuata siku ile ile ya mkutano, jioni. Niliruhusiwa kuchukua kikombe na koti. Mkaguzi amesema nitakuwa shahidi, hajasema kwamba sitakuwa kitu kingine.

Nilikuwepo ukumbini, mstari wa nyuma kabisa. Nilikuona ulivyosimama. Robo Ijayo akasema swali lako litajibiwa na idara husika, ukasema utasubiri umesimama. Ukasimama dakika kumi na mbili. Nilihesabu. Yule mzee wa mbele akasimama na wewe, halafu wale akina mama wawili, halafu nikashindwa kuona kwa sababu watu wote walikuwa juu. Mkaguzi akaomba kipaza sauti. Nilitoka kabla hajamaliza. Nisamehe, sikuweza kukutazama usoni.

Nimeona bei leo. Tano. Zako ni 40,000. Tajiri wa vituo vya mafuta ameshapima kiwanja?

Mke wangu anasema nikuombe msamaha vizuri. Sijui namna yake. Ulikuwa na wiki tatu za kuuza, ukaziacha, na mimi ndiye nilikuwa nimekwambia uvumilie.

Mdogo wako

—

16 Juni

Mdogo wangu,

Ameshapima. Alikuja na watu wenye kamba na chokaa, wakachora mstari mweupe katikati ya benchi langu la kazi kama vile sipo. Tunahama tarehe 29.

Kinyozi na wenzake walisoma habari gazetini, wakaja tena mlangoni, wote kumi na mmoja safari hii, hakuna aliyefagia. Nikadhani wanataka kushukuru. Kinyozi akasema, "Bosi, ulijua lini?" Nikamwambia tarehe. Akaniuliza kwa nini sikusema. Nikamwambia kuhusu wewe, nusu tu. Wakaenda kushauriana nyuma ya mapipa ya rangi kwa dakika arobaini, kwa muda wangu wa kazi, ninaoulipia.

Wakarudi na masharti. Kuna yadi inapangishwa karibu na soko la mbao, bila paa, amana ni 110,000. Wao wanatoa 82,000. Mimi natoa 28,000, maana nilipoziuza zile hisa kwa tano niliondoka na 40,000, na 12,000 zilizobaki zimekwenda kwa mzigo wa chuma. Kwa hiyo yadi ni robo tatu yao na robo yangu. Mashine ni zangu, jina ni langu, lakini kila Ijumaa saa kumi nawasomea kilichoingia na kilichotoka, na wanauliza maswali. Ijumaa iliyopita Kinyozi alitaka kujua boksi tatu za vijiti vya kuchomelea zilikwenda wapi. Nikaanza kumweleza habari ya hali ya soko. Akasema, "Bosi, boksi ngapi? Tunataka namba." Nikafungua daftari upya. Mbili zilitumika. Moja nilimwazima fundi wa jirani na kusahau kuandika.

Kukusamehe bado sijasema. Nimesema naye Kinyozi kwamba tunahitaji mtu wa kuhesabu mali. Akauliza kama ni yule wa maboksi. Nikasema ni yeye. Akafikiri, akasema sawa, ila kila fomu utakayosaini atasaini na yeye chini yako, na hatasaini kabla hajahesabu kwa kidole. Nimekubali. Mshahara ni theluthi ya uliokuwa nao na hakuna cheo.

Jumatatu saa moja kamili. Uvae viatu vya kufunika vidole.

Dada yako